Tiba mbadala baada ya hospitali: Mgonjwa wa uvimbe wa ubongo aulize nini?



Ndugu msomaji, ni nadra kupita Ijumaa katika misikiti yetu ya mjini bila ya kutangazwa mgonjwa anayeombewa dua. Dua ikishaitikiwa, nje mlangoni watu huanza kushauriana. Huyu atamwambia ndugu wa mgonjwa kuwa yuko sheikh Tanga anayetibu maradhi hayo. Yule atasema dawa inauzwa Kariakoo, na jirani yake aliitumia akapona. Wa tatu atashauri mgonjwa aumikwe kichwani. Wote hao wana nia njema. Lakini je, nia njema inatosha? Na mgonjwa ambaye hospitali imeshamfanyia ilichoweza, akigeukia tiba mbadala, afuate mwongozo gani ili asije akapoteza hata kile kidogo alichokipata hospitalini?

Katika makala hii tutachukua mfano wa maradhi mamoja mazito, nayo ni uvimbe wa ubongo. Tumeuchagua kwa sababu mgonjwa wake hukutana na kila aina ya tabibu: daktari wa upasuaji, daktari wa mionzi, msomaji wa ruqya, muuza mitishamba na mganga wa kienyeji. Anayeweza kujiongoza katika njia hii ataweza kujiongoza katika maradhi mengine pia, Inshaallah.

Uvimbe wa ubongo ni nini?

Ubongo umewekwa ndani ya fuvu, na fuvu la mtu mzima halitanuki. Kitu chochote kinachoota ndani yake hukosa nafasi, hivyo hubana ubongo wenyewe. Ndiyo maana hata uvimbe usio saratani unaweza kuwa wa hatari ukiwa mahali pabaya.

Dalili hutegemea ni sehemu gani iliyobanwa. Wengi huumwa kichwa, na maumivu huwa makali zaidi alfajiri, mara nyingine pamoja na kutapika. Wengine mkono au mguu wa upande mmoja hupungua nguvu, macho huona vibaya, au maneno hugoma kutoka. Wapo ambao dalili yao ya kwanza ni kuanguka na kutetemeka mwili mzima, ilhali hawakuwahi kuwa na kifafa tangu utotoni. Na wapo wanaobadilika tabia. Mtu mpole huanza kutukana, mwenye haya huvua nguo mbele za watu, mwenye bidii ya kazi hukaa kimya kutwa nzima.

Hapa ndipo penye mtihani wa kwanza kwetu sisi Waislamu. Kuwepo kwa majini ni katika mambo tunayoyaamini, na Qur'an ina sura nzima yenye jina hilo. Lakini kuamini kuwa majini wapo si kusema kuwa kila aanguaye ameingiwa na jini. Mgonjwa mwenye dalili hizi anaweza kuzungushwa miezi kadhaa kwa wasomaji, huku mkewe au mama yake wa kambo akishukiwa kuwa ndiye aliyemroga, na uvimbe ukiendelea kukua. Mtu mzima anayeanguka kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali akapigwe picha ya kichwa, yaani CT-Scan au MRI. Kisomo kinaweza kuendelea wakati huohuo, kwani hakuna kipimo kinachoharibiwa na Suratul-Fatiha.

Hospitali hufanya nini, na huishia wapi?

Uvimbe wa ubongo ni wa aina nyingi. Baadhi hutolewa kwa upasuaji na mtu akaishi umri wake. Nyingine ni saratani kali. Inayoongoza miongoni mwa saratani zinazoanzia kwenye ubongo wa mtu mzima huitwa glioblastoma. Hii huota mizizi katikati ya ubongo mzima, hivyo daktari wa upasuaji hawezi kuing'oa yote bila ya kuharibu uwezo wa mtu wa kusema, kutembea au kufikiri.

Tiba yake ya kawaida ni upasuaji wa kupunguza uvimbe, kisha mionzi ya takriban wiki sita, pamoja na vidonge vya saratani vinavyoitwa temozolomaidi. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada, ulionyesha kuwa nusu ya waliopata mionzi peke yake waliishi zaidi ya miezi 12.1, na nusu ya waliopata mionzi pamoja na vidonge hivyo waliishi zaidi ya miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, waliopata tiba zote mbili walikuwa hai zaidi ya robo. Waliopata mionzi peke yake walikuwa kiasi cha mmoja katika kumi.

Ndugu msomaji, tumezitaja tarakimu hizi si kwa kumkatisha mtu tamaa, kwani umri uko mikononi mwa Allah (s.w.) na katika hesabu hizo wapo walioishi miaka mingi. Tumezitaja ili tuelewe kwa nini mgonjwa anayetoka Ocean Road akiwa amemaliza mionzi yake hutazama huku na huku akitafuta mlango mwingine. Ameambiwa arudi kliniki baada ya miezi mitatu. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi siku hiyo, akazungumza naye kwa dakika chache. Yeye na nduguze wakaelewa kwamba hospitali imeshindwa. Hapo ndipo muuza dawa anapoingia, akiwa na muda wa kutosha wa kuwasikiliza.

Kisa cha fundi cherehani

Namkumbuka mzazi mmoja wa wanafunzi wangu, fundi cherehani. Familia yake imeniruhusu nisimulie yaliyompata bila ya kutaja jina wala mtaa, ili wengine wapate funzo.

Ugonjwa wake ulianzia kwenye kazi. Mshono ulikuwa ukienda upande, kwa sababu mkono wa kushoto unaoongoza kitambaa ulikuwa umepoteza nguvu. Siku moja akaanguka mbele ya cherehani, povu likamtoka. Alisomewa kwa wiki kadhaa, kisha akapelekwa hospitali, ikaonekana ana uvimbe kichwani. Akafanyiwa upasuaji, sehemu ikatolewa, sehemu ikabaki, na majibu ya maabara yakasema ni saratani. Akapata mionzi kwa wiki sita. Alipewa dawa mbili za kutumia nyumbani: moja ya kupunguza maji na uvimbe ndani ya ubongo, inayoitwa deksamethasoni, na nyingine ya kuzuia kuanguka.

Maumivu yalipozidi tena, daktari akaongeza kipimo cha deksamethasoni. Juma hilohilo ndugu zake wakamleta muuza dawa mwenye unga wa mitishamba aliousifu kuwa unayeyusha uvimbe. Dozi moja ilikuwa shilingi laki tatu na nusu, na dozi ni tatu. Fundi akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo.

Siku mbili baadaye kichwa kikatulia, akala, akacheka na watoto. Uso wake ukajaa. Wote wakasema unga umefanya kazi. Muuza dawa aliposikia hivyo, akaamrisha vidonge vyote vya hospitali viachwe, akidai kuwa vinaziba njia ya dawa yake. Vikaachwa kwa siku moja. Siku ya tano kichwa kikarudi kwa ukali kuliko mwanzo, akawa anatapika, na usiku akaanguka mara nyingi mfululizo bila ya kuzinduka katikati. Alirudishwa hospitali hajitambui.

Aliokolewa, lakini mkono ule haukurudi tena. Muuza dawa alipoulizwa, alijibu kuwa mgonjwa ana imani ndogo, ndiyo maana dawa imemkataa. Fundi aliniambia baadaye kuwa cherehani iliyouzwa hakuililia sana. Kilichomuumiza ni kuambiwa kuwa ameanguka kwa sababu imani yake ni ndogo, maneno ambayo mkewe na watoto wake waliyasikia.

Kwa nini dawa ilionekana imefaa?

Hapa pana elimu ambayo kila anayeuguza anapaswa kuijua.

Deksamethasoni haiui uvimbe, bali hupunguza ule unyevu unaouzunguka. Kwa kuwa unyevu huo ndio unaobana ubongo kwa kiasi kikubwa, mgonjwa anaweza kupata nafuu ya wazi ndani ya siku moja au mbili. Dawa hiyohiyo huongeza hamu ya kula, na ikitumiwa kwa muda huujaza uso. Kwa hiyo yeyote atakayekuja wiki hiyo na unga, maji au mafuta, atapewa sifa ambayo si yake.

La pili, mwili uliozoea dawa hiyo kwa majuma hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ikikatwa kwa ghafla, ubongo huvimba tena na mwili mzima huishiwa nguvu, mtu akaweza kufa. Ni lazima ipunguzwe kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Hali ni hiyohiyo kwa dawa za kuzuia kuanguka, ambazo zikikatwa ghafla humletea mgonjwa mfululizo wa kuanguka kama uliompata fundi wetu.

La tatu, baada ya mionzi picha ya kichwa inaweza kudanganya pande zote mbili. Kwa baadhi ya wagonjwa, katika miezi ya mwanzo picha huonyesha kama uvimbe umekua, kumbe ni athari ya mionzi, na baadaye hupungua wenyewe. Aliyekunywa mitishamba katikati ya muda huo ataapa kuwa mitishamba ndiyo iliyoupunguza. Haapi kwa uongo, bali amekosa elimu ya kutenganisha sababu na jambo lililotokea sambamba nayo.

Uislamu unasemaje?

Uislamu umetuamrisha kujitibu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Hivyo hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mgonjwa kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa kumtegemea Allah.

Lakini dini yetu haikuishia hapo. Imetufundisha pia tumwendee nani. Imam Malik katika Muwatta amepokea kuwa mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa wanaume wawili wa kabila la Bani Anmar, na Mtume (s.a.w.) akawauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika utabibu. Tazama, ndugu msomaji, kitu cha kwanza kuulizwa kilikuwa ujuzi. Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kuwa Sa'ad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimzuru, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa huyo alikuwa ni mtu anayetibu.

Kisha ikaja hukumu nzito ambayo haitajwi sana. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi huyo ni mdhamini, yaani anabeba dhima ya madhara atakayoyasababisha. Wanazuoni, akiwemo Ibnul-Qayyim katika Zaadul-Maad, wameieleza hadithi hii kwa kirefu na kupambanua baina ya tabibu mjuzi aliyetimiza wajibu wake na mjinga aliyewahadaa watu. Wa pili hulipa. Kwa hukumu hiyo, aliyemwachisha fundi vidonge vyake hana kinga ya kusema kuwa alikuwa na nia njema, wala hawezi kuuhamishia mzigo upande wa imani ya mgonjwa.

Itasemwa: mbona habat sauda imesifiwa kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti? Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wanazuoni wakubwa wa hadithi hawakuifasiri kama wanavyoifasiri wauzaji. Al-Khattabi, kama alivyomnukuu Ibn Hajar katika Fat-hul-Baari, ameeleza kuwa tamko hilo ni la jumla lililokusudiwa mahsusi, kwa maana ya baadhi ya maradhi yanayonasibiana nayo. Na asali Allah (s.w.) ameeleza katika Suratun-Nahl aya ya 69 kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Kuamini hayo ni wajibu. Lakini aya na hadithi hazikumwagiza mtu yeyote aache dawa nyingine, wala hazikumpa kila mwenye chupa ruhusa ya kuzungumza kwa niaba ya Mtume (s.a.w.).

Hata vilivyo vya Sunna vinahitaji ujuzi katika kuvitumia. Deksamethasoni hupandisha sukari ya damu, hivyo mgonjwa anayeitumia akinywa asali vikombe kwa vikombe anaweza kujidhuru. Vidonge vya saratani hupunguza chembe za kugandisha damu, hivyo kuumwika kunaweza kumtoa damu isiyokatika, na wembe usio safi unaweza kumwingizia homa ya ini au Virusi vya Ukimwi. Kichwa kilichopasuliwa na kupigwa mionzi, ngozi yake ni dhaifu, haifai kuchanjwa. Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul-Baqara aya ya 195 kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Ama hirizi, ramli na kuchinjia mizimu, hayo hayamo katika mjadala huu. Ni haramu kwa mzima na kwa mgonjwa.

Mitishamba na ahadi kubwa

Wapo wanaodhani kuwa kusema haya ni kuidharau mitishamba. Sivyo. Liko ua dogo lenye petali tano, jeupe au la waridi, ambalo asili yake ni Madagascar, na hupandwa kama pambo katika nyumba nyingi za pwani yetu. Kutokana na mmea huo imepatikana dawa ya vinkristini, ambayo hospitali huitumia tangu miaka ya 1960 kutibu saratani, zikiwemo baadhi za ubongo. Lakini mmea huo ukichemshwa na kunywewa ni sumu. Ili uwe dawa ilibidi wataalamu waitenge chembe inayotibu, wajue kipimo chake, na waandike madhara yake kabla ya kumpa mgonjwa.

Kinyume chake ni ahadi zisizopimwa. Mwaka 2011 nchi yetu iliona maelfu ya magari yakielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu. Kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kilikuwa shilingi 500, na kilisemekana kutibu saratani, kisukari, Ukimwi na mengineyo. Walikwenda Wakristo na Waislamu, maskini na viongozi. Baadhi ya wagonjwa walitolewa hospitali wakafia kwenye foleni. Leo vikombe vile havisikiki tena, na Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Waafrika peke yao. Huko Houston, Marekani, daktari Stanislaw Burzynski alifungua kliniki mwaka 1977 akitibu kwa vitu alivyoviita antineoplastoni, ambavyo mwanzoni alivipata katika mkojo wa binadamu. Wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo, wakiwemo watoto, walisafiri kutoka nchi mbalimbali, na familia zao zikachangisha fedha nyingi. Taasisi ya Saratani ya Marekani ilijaribu dawa hiyo, na taarifa iliyotolewa mwaka 1999, yenye wagonjwa tisa tu, haikuonyesha uvimbe wa yeyote kupungua. Miongo imepita, na mamlaka ya dawa ya huko haijaiidhinisha. Mwaka 2017 bodi ya madaktari ya jimbo la Texas ilimpa adhabu, ikiwemo faini.

Na watafiti wa chuo kikuu cha Yale, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, walifuatilia wagonjwa 281 wa saratani za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana waliochagua tiba mbadala peke yake badala ya hospitali. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali. Utafiti huo haukuhusu ubongo, lakini funzo lake liko wazi: madhara makubwa yako katika kuacha kile kilichothibiti.

Maswali matano

Hivyo basi, mgonjwa au ndugu yake asipeleke fedha wala mwili wake kwa mtoa tiba mbadala kabla ya kumuuliza maswali yafuatayo:

Kwanza, wewe ni nani na umesajiliwa wapi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili watoa tiba hao. Usajili si uthibitisho kuwa dawa inaponya saratani, lakini asiyetaka kujulikana hawezi kudaiwa dhima.

Pili, ndani ya dawa hii mna nini? Anayesema ni siri ya babu yake anakutaka unywe usichokijua juu ya dawa nyingine ulizonazo mwilini.

Tatu, je, unaniachisha dawa za hospitali? Akijibu ndiyo, ondoka. Swali hili peke yake lingemwokoa fundi wetu.

Nne, utakubali daktari wangu ajue? Mgonjwa asifiche chochote anachotumia, na daktari naye asimfokee mgonjwa anapokuwa mkweli, kwani ukali wa maneno ndio unaozaa siri.

Tano, nisipopona utasema nini? Tabibu mkweli husema shifaa iko kwa Allah na kwamba ujuzi wake una mpaka. Anayeahidi kupona kwa asilimia mia na kulipwa kabla, halafu akaiwekea akiba lawama ya imani ndogo, huyo ni mfanyabiashara.

Pale dawa ya kuuondoa ugonjwa inapokosekana

Tunarudi kwa yule aliyeambiwa kuwa uvimbe hautoki wote. Je, amebakiwa na nini? Amebakiwa na mengi.

Katika Bukhari na Muslim kuna habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa na kufunukwa mwili. Alimwendea Mtume (s.a.w.) aombewe. Mtume (s.a.w.) alimpa hiyari: asubiri apate Pepo, au amwombee aponywe. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunukwa, na akaombewa hilo. Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kubaki na ugonjwa si alama ya imani ndogo, kwani mwanamke yule aliyebaki na ugonjwa wake ni katika watu wa Peponi. La pili, kumhifadhi mgonjwa heshima yake ni tiba iliyoombewa na Mtume mwenyewe.

Kwa hiyo kumpunguzia mgonjwa maumivu ni kazi tukufu. Hospitali zina huduma ya kutuliza, na ipo dawa ya mofini ya kunywa kwa wenye maumivu makali. Baadhi ya Waislamu huikataa wakiogopa kuwa ni kileo. Wanazuoni wa zama zetu wameruhusu dawa ya namna hiyo kwa haja ya tiba, kwa kipimo cha daktari. Kumwacha mtu akipiga kelele usiku kucha na dawa ipo si katika uchamungu. Ruqya nayo ina nafasi yake kubwa hapa: asomewe Fatiha, Ayatul-Kursiy na Muawwidhatayn, na mwanawe au mkewe, bila ya kulipia hata senti moja.

Kisha kuna jambo ambalo kwa mgonjwa wa ubongo halingoji. Mtume (s.a.w.) amehimiza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa (Bukhari na Muslim). Uvimbe wa ubongo unaweza kuuchukua ulimi kabla ya roho, na akili kabla ya ulimi. Anayempa mgonjwa huyu ahadi ya uongo huchukua fedha zake na pia humwibia siku ambazo angelipa madeni, angerudisha amana, angeomba radhi na kuusia wanawe.

Fundi wetu aliijua thamani ya siku hizo. Aliendelea na vidonge vyake, akawa anasomewa na imamu wa mtaani kwake, na kijiko chake cha asali alikinywa daktari akijua. Aliishi miezi kumi na moja zaidi. Katika miezi hiyo aliwaita wanawe, akawaelekeza kitambaa hiki ni cha fulani, hiki cha fulani, na kila kimoja kikarudishwa kwa mwenyewe pamoja na fedha ya kazi ambayo hakuifanya. Madeni yake yaliandikwa na wasia ukashuhudiwa na watu wawili. Alipokata kauli hakuwa na la kusema tena, na halikuwepo lililobaki la kusemwa. Alifia nyumbani kwake, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe.

Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu yeye na maiti wetu wote, awaponye wagonjwa wetu, awape wanaouguza subira na hekima, na atukinge na kila anayefanya biashara ya shida za waja wake. Amin.

Wallahu a'lam.